Bastola ya Singer na tupa ya fundi

Najua blogu imeota nyasi, lakini wiki tatu hizi zilikuwa za msuli tu, bumu halijaingia, na pale chumbani tupo wanne kwenye vitanda viwili, kwa hiyo hata kuandika sentensi moja kwa utulivu ni kazi. Leo nimepata nafasi, na nina kitu ambacho kimekuwa kikinizunguka kichwani tangu semina yetu ya mbinu za historia.

Mwalimu alituuliza hivi: chanzo cha historia kikishachezewa na watu, kinabaki kuwa chanzo au kimekufa? Kila mtu achague kitu chake akitetee. Wenzangu wakachukua vitu vya heshima, barua za wamisionari, milango ya Mji Mkongwe, ramani za Wajerumani. Mimi nikachukua bastola. Darasa zima likacheka, na mshikaji mmoja akaniuliza kama nimeamua kwenda zangu jeshini. Jamani, sijawahi hata kushika bastola, na sina mpango. Kilichonivuta ni ugomvi ulioko Marekani kati ya makundi mawili ya watu wanaopenda kitu kilekile na wanaonana kama waharibifu. Kundi moja hukusanya bastola za zamani za nusu otomatiki na kutaka zibaki kama zilivyotoka kiwandani, hadi skrubu. Kundi la pili hupeleka bastola hizohizo kwa fundi zikakatwe, zikachongwe na kupigwa tupa mpaka zifanye kazi vizuri kuliko mtengenezaji alivyokusudia. Kuna bastola moja hasa ambayo ugomvi huu umeiandama kwa zaidi ya miaka 60, nayo ni Colt M1911.

Kwanza tuelewane maneno. Nusu otomatiki maana yake kila ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, lakini kazi ya kutupa ganda na kupandisha risasi nyingine inafanywa na nguvu ya mlipuko wenyewe. Sehemu ya juu, ambayo nitaiita slaidi, inarudi nyuma kwa kishindo, ganda linaruka, springi inaisukuma slaidi mbele tena ikiwa imebeba risasi mpya kutoka kwenye magazini. Ya zamani kabla ya hapo ni rivolva, ile yenye pipa linalozunguka. Mtu aliyebuni M1911 anaitwa John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden, Utah, 1855, mtoto wa fundi bunduki. Huyu mzee alikuwa na kichwa cha ajabu. Alifia kazini, ndani ya kiwanda cha FN huko Liège, Ubelgiji, mwaka 1926.

Sasa, kwa nini jeshi la Marekani lilitaka bastola mpya? Hapa ndipo watu wengi wanaosifia hii bastola hupita haraka, mimi napenda kusimama kidogo. Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Wahispania mwaka 1898, ikajikuta inapigana na wenyeji ambao hawakuona tofauti kati ya bwana wa zamani na bwana mpya. Kusini, huko Mindanao na visiwa vya Sulu, Waislamu wanaoitwa Wamoro waliwakabili kwa mapanga, na maofisa wakaanza kulalamika kwamba rivolva zao za .38 hazimsimamishi mtu. Anapigwa risasi na bado anakuja. Mwaka 1904 wakubwa wawili, Thompson wa silaha na LaGarde ambaye alikuwa daktari, wakafanya majaribio Chicago kwenye machinjio, wakipiga risasi ng'ombe walio hai, na pia maiti za watu. Wakahitimisha kwamba risasi isipungue kipenyo cha .45. Sisi tuliofundishwa Majimaji tunaijua miaka hiyo. Wakati wazee wetu wa Kusini wanaambiwa risasi zitageuka maji, huko Chicago mtu yuko mezani anapima risasi ipi itamwangusha mwenyeji asiyetaka kuanguka. Kwa hiyo wakusanyaji wanaposema bastola hii ni "kipande cha historia", nakubali, ila wakisome na ukurasa huo.

Mashindano yakaitwa. Mwaka 1907 Georg Luger alikuja na bastola yake maarufu, akaifanya ya .45 maalumu kwa majaribio yale, halafu kiwanda chake cha Ujerumani kikajitoa. Wakabaki Colt, yaani muundo wa Browning, na Savage. Machi 1911 zikapigwa risasi 6,000 kila moja, na ikipata moto sana inatumbukizwa kwenye maji kisha kazi inaendelea. Savage ilikwama mara 37. Ya Browning haikukwama hata mara moja. Tarehe 29 Machi 1911 ikapitishwa rasmi, na ikabaki kuwa bastola ya jeshi lile mpaka mwaka 1985 walipoingiza Beretta ya milimita 9.

Miaka 74 hiyo. Serikali ilitengenezewa karibu milioni 2.7. Wekeni namba hiyo akilini, maana chanzo cha ugomvi wote ni wingi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Colt peke yake asingeweza. Serikali ikagawa kazi kwa viwanda vingine, na hapa ndipo nilipoipenda hadithi hii kichizi. Remington Rand waliokuwa wakitengeneza mashine za kuchapia waligeuka kuwa watengenezaji wakubwa kuliko wote, zaidi ya bastola 870,000. Ithaca, waliozoea bunduki za kuwindia ndege, zaidi ya 330,000. Union Switch & Signal walikuwa watu wa taa na mitambo ya ishara za reli, wakatoa karibu 55,000. Na kisha Singer.

Ndiyo, Singer hiyohiyo. Ile cherehani nyeusi yenye maandishi ya dhahabu ambayo kila mtaa wa nchi hii una fundi ameiweka barazani, akiikanyaga kwa mguu huku anakwambia suruali itakuwa tayari Jumamosi. Mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani, kampuni ile ilipewa oda ya kujifunzia: tengenezeni bastola 500 tuone kama mnaweza, na mtuchoree namna kiwanda cha kuzitoa kwa wingi kitakavyokuwa. Wakaweza. Bastola 500, namba S800001 mpaka S800500, zikiwa na ung'aro mzuri kuliko nyingi za wakati wa vita. Halafu ikaonekana watu wenye mikono mizuri namna hiyo wana kazi ngumu zaidi ya kufanya, wakapelekwa kutengeneza mitambo ya kuelekezea mizinga ya kupiga ndege. Bastola zile 500 zikachanganywa na nyingine zikaenda vitani kama kawaida. Hakuna aliyeziwekea alama kwamba hizi ni za pekee. Askari aliyepewa Singer hakuona tofauti na mwenzake aliyepewa ya mashine za kuchapia.

Leo? Mwaka 2017 moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 400,000. Cherehani ya chuma inayoua, kwa bei ya jumba la ghorofa.

Na kinacholipiwa pale si chuma. Chuma ni kilekile. Kinacholipiwa ni jina dogo lililogongwa upande wa kushoto wa slaidi, herufi JKC za mkaguzi, namba kuangukia ndani ya zile 500, rangi ya asili kubaki juu yake, na kila kipuri kuwa cha aina iliyofungwa na kiwanda kile mwaka ule. Mkusanyaji wa kweli anafungua bastola kama sisi tunavyofungua faili la nyaraka. Anatazama mtutu una alama gani, nyundo imechongwa vipi, kizuizi cha usalama ni cha umbo la mwaka gani. Bastola za Remington Rand zina FJA, za reli zina RCD, za Colt wakati wa vita zina GHD. Ukikuta slaidi ya Ithaca juu ya fremu ya Colt, basi kuna jambo limetokea katikati, na bei inashuka.

Lakini nani aliyezichanganya? Hapa ndipo pananifurahisha. Waliochanganya ni jeshi lenyewe! Sifa kubwa ya muundo huu ni kwamba vipuri vinabadilishana. Askari kumi wanaweza kufungua bastola zao kumi, wakatumbukiza vipuri vyote kwenye beseni moja la mafuta, wakafunga upya bila kujali kipi kilikuwa cha nani. Baada ya vita karakana kubwa, Augusta kule Georgia, Rock Island kule Illinois na nyingine, zilikusanya bastola zilizochoka, zikazibomoa, zikatupa vilivyokufa, zikaunganisha vizima, zikapaka upya lile koti la kijivu la fosfeti, na kugonga herufi zao ndogo pembeni, AA au RIA. Kama zile Hiace zetu ambazo bodi ni ya gari moja, injini ya jingine, na viti vimetoka Gerezani. Kwa hiyo bastola "isiyoguswa" ni ile ambayo, kwa bahati, haikufanya kazi kama zilivyofanya wenzake. Ilikaa kabatini kwa ofisa, au ilifichwa chini ya begi la mtu akarudi nayo nyumbani. Mkusanyaji anatafuta historia na anachokipata ni bastola iliyokwepa historia. Nilipolisema hili semina walinyamaza kidogo, nikajisikia raha.

Twende upande wa pili, wa tupa.

Katika miaka ya 1960 serikali ya Marekani iliwauzia raia wanachama wa chama cha walenga shabaha bastola hizi za ziada kwa dola 17. Kumi na saba. Kitu cha bei hiyo hakuna anayekionea huruma. Na kwa kweli kilihitaji msaada. Ilivyotoka jeshini M1911 ina kilengeo kidogo kama punje ya mchele, kwenye mwanga hafifu hukioni. Kifyatulio ni kizito. Nyundo inaweza kung'ata nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Halafu imelegea makusudi, ukiitikisa inalia, kwa sababu iliundwa ili ipigane kwenye tope na vipuri vyake vibadilishane. Kulegea huko kunasaidia vitani na kunaudhi kwenye shabaha.

Kwa hiyo walenga shabaha walianza zamani. Colt wenyewe waliuza toleo la mashindano mwanzoni mwa miaka ya 1930, na jeshi kuanzia katikati ya miaka ya 1950 lilikuwa na mafundi wa kukaza bastola kwa ajili ya mashindano ya taifa ya Camp Perry, Ohio. Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Fundi anazibana reli za fremu kidogo kwa nyundo, kisha anaisugua slaidi juu yake kwa unga wa kusagia, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka iteleze bila kucheza. Mtutu unaongezewa chuma pale unapojifunga na kuchongwa mpaka ukae mahali palepale kila risasi. Anayepitiliza anapata bastola nzuri mezani ambayo chembe ya mchanga inaikwamisha. Jim Clark wa Louisiana alikuwa fundi na mlengaji kwa wakati mmoja. Mwaka 1958 alichukua ubingwa wa taifa wa bastola akiwa raia wa kawaida katikati ya wanajeshi, akiwa na bastola alizozikaza mwenyewe. Alikuwa pia anaunganisha slaidi ili zirefuke, kwa hiyo bastola moja ya Clark imekula slaidi mbili za serikali. Mkusanyaji akisikia hivyo anashika kichwa.

California kulikuwa na mambo mengine. Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa Marine, alianzisha na wenzake mashindano huko Big Bear mwishoni mwa miaka ya 1950, ambayo mtu hasimami mkono mmoja kiunoni kama sanamu. Anachomoa kutoka kwenye ala, saa inakimbia, analenga vitu kadhaa. Hapo yakaonekana mahitaji mapya. Cooper alishikilia kwamba bastola inahitaji mambo machache sana, kilengeo kinachoonekana na kifyatulio kinachotii, na kwamba kona kali ziondolewe zisikate mkono. Mengine ni mapambo. (Mjue tu kwamba huyu bwana alikuwa na shahada ya uzamili ya historia kutoka chuo kikuu cha California, Riverside. Wale mnaotuuliza tutafanya kazi gani na digrii ya historia, jibu moja ni hilo, ingawa silipendekezi.) Mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, mchezo ule ukapata shirikisho la kimataifa, na leo unachezwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Fundi aliyefuata mahitaji hayo kuliko wote wa kizazi chake alikuwa Armand Swenson wa Gardena, California. Ukiona M1911 ya zamani ambayo kilinzi cha kifyatulio kimechongwa kuwa na pembe mraba badala ya duara, na mbele ya mpini pamechorwa miraba midogo midogo ili mkono usiteleze, na kizuizi cha usalama kipo pande zote mbili ili hata wa mkono wa kushoto aweze, unatazama mtindo wake. Miraba ile inachorwa kwa tupa ndogo, mstari kwa mstari, kwenye chuma kilichopinda, na mstari mmoja ukienda kombo fremu nzima imeharibika. Bill Wilson naye alianza mwaka 1977 kwenye chumba cha nyuma cha duka la vito na saa la familia yake huko Berryville, Arkansas. Alikuwa fundi saa. Ukifikiria vizuri inaeleweka, kwamba fundi saa na fundi bastola wote wanapigana na unene wa unywele.

Sasa tazameni kilichotokea. Bastola za dola 17, maelfu kwa maelfu, zilipita kwenye meza hizi. Koti la kijivu likamenywa, rangi ya bluu au nikeli ikawekwa, jina la kiwanda pembeni wakati mwingine likasuguliwa likaisha, herufi za karakana zikaondoka na vumbi. Kila shimo jipya la kilengeo lilikuwa ukurasa uliochanwa. Na walipofika miaka ya 1980, jeshi linaacha kuitumia, walewale waliozidharau kwa wingi wake wakaanza kutafuta zilizosalia nzima. Ikawa haba kwa sababu ilikuwa tele.

Sheria nayo ikaingia katikati, jambo ambalo sikulitegemea. Kwa kanuni za shirikisho la Marekani, silaha iliyofikisha miaka 50 inaweza kuhesabiwa kuwa kitu cha kale, na mwenye leseni ya mkusanyaji anaweza kuinunua kutoka jimbo jingine bila kupitia dukani. Sharti ni kwamba iwe katika hali yake ya asili. Bastola ya mwaka 1943 iliyopita kwa fundi ina umri wa kutosha, lakini imeshatoka kwenye kundi hilo. Yaani tupa inaweza kumnyima mzee uzee wake.

Nipite haraka kwa Luger, maana huko kuna fundisho jingine la namba. Wajerumani walizifunga Luger kwa mkono, kila kipuri kinakaa vizuri kwenye bastola yake tu, kwa hiyo tarakimu mbili za mwisho za namba ziligongwa karibu kila mahali, hata kwenye vijipande vidogo kama ukucha, ili askari wakisafisha pamoja wasichanganye. Ilikuwa ni alama ya karakana, ya kuzuia fujo. Baada ya vita mbili ikageuka kuwa dini ya wakusanyaji. Namba zote zikilingana mpaka magazini, bei inapaa. Kipini kimoja kikiwa cha bastola nyingine, inaitwa ya kupigia tu. Na hizo za kupigia tu ndizo zilizokwenda kwa John Martz wa Lincoln, California, ambaye alikuwa akizifupisha kuwa Luger vitoto. Akathubutu pia kukata Luger mbili na kuzichomelea ziwe moja pana ya kupiga .45, kama ile ambayo Georg Luger aliipeleka Marekani mwaka 1907. Ya Luger mwenyewe, mojawapo ya zilizosalia, iliuzwa mwaka 2010 kwa karibu dola nusu milioni. Za Martz nazo zinatafutwa. Muuaji wa Luger mbili, na watu wanapanga foleni.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuona jibu langu kwa mwalimu. Wakati nilipokuwa nasoma mwanzo nilikuwa nimeshaegemea kwa wakusanyaji, kama mwanafunzi yeyote wa historia ambavyo angefanya. Chanzo usikiguse, tumefundishwa hivyo tangu mwaka wa kwanza. Lakini bastola ya Swenson inayopendwa leo mnadani ni ile ambayo haijaguswa tangu itoke mezani kwake. Ukiibadilisha kilengeo tu umeiharibu. Ukiirudisha iwe ya jeshi, umeiharibu zaidi. Alama za tupa zimekuwa maandishi. Zinasema kulikuwa na mtu California aliyeogopa kitu fulani, au aliyetaka kushinda kikombe fulani, akalipa pesa ya miezi kadhaa ili chuma kimtii. Ni habari ambayo bastola ya kabatini haiwezi kutoa.

Jeshi la Marine la Marekani limefanya hivyohivyo bila kuona aibu. Kuanzia miaka ya 1980 mafundi wao wa Quantico, Virginia, walichagua fremu nzuri kutoka kwenye akiba ya zamani, fremu ambazo hakuna iliyotengenezwa baada ya 1945, wakafunga juu yake mitutu mipya, slaidi mpya, vilengeo vipya, wakawapa askari wao wa kazi maalumu. Wakaendelea nazo mpaka waliponunua mpya kutoka Colt kwa mkataba wa mwaka 2012. Fikirieni fremu moja kama hiyo. Imetoka kiwandani wakati wa Hitler, imepita karakana ya Augusta, imekaa kwenye mafuta miaka 40, imechongwa Quantico, imekwenda Ghuba. Kilichobaki cha asili ni kipande kimoja chenye namba. Mimi nikiambiwa nichague chanzo kimoja cha kuandikia historia ya hiyo bastola nitaichukua hiyo fremu, ile Singer ya dola 400,000 muachieni mwenyewe.

Lakini kuna kundi la tatu, na hapo hasira yangu yote naielekeza. Hawa ni wale wanaochukua bastola iliyochongwa au iliyochanganywa, wanajaza matundu kwa kuchomelea, wanasugua, wanapaka rangi ya mwaka ule, wanagonga upya herufi za mkaguzi, wanatafuta magazini na kuigonga namba ya Luger ilingane, kisha wanaiuza kama haikuguswa. Singer 500 zikiwa na bei ile, mnadhani watu watakosa kugonga jina la Singer kwenye slaidi tupu? Zimegongwa. Wanunuzi wanabeba miwani ya kukuzia, wanapima kina cha herufi, wanaangalia kama rangi imeingia ndani ya mtaro wa herufi au imekatwa nayo. Hata hati za kivita, yale makaratasi ambayo askari alisainiwa na mkubwa wake kwamba anaruhusiwa kurudi na bastola aliyoteka, zimeghushiwa kwa sababu zinapandisha bei. Wakusanyaji wa kule wana usemi wao, kwamba ununue bastola, usinunue hadithi yake. Fundi mwenye tupa alibadilisha kitu akaacha alama yake wazi, wengine hata jina. Huyu wa tatu anafuta alama za wawili wa kwanza. Nikiwa na rungu la hakimu, Swenson anakwenda nyumbani kwake na heshima zake, na huyu anabaki ndani.

Mwenzangu mmoja alinibishia vizuri, lazima nimpe haki yake. Alisema kama tupa ya fundi ni historia, basi na ughushi ni historia, tena yenye data nyingi: inatuonyesha watu wa leo wanatamani nini. Kweli. Noti bandia nayo inamwambia mwanahistoria ni noti ipi iliyokuwa na thamani. Nilimjibu kwamba noti bandia inasomeka pale tu unapokuwa umeshaijua kuwa ni bandia. Kabla ya hapo inakula nyaraka nyingine. Singer moja ya uongo ikiingia kwenye orodha ya namba zilizosalia, kila anayehesabu baada ya hapo anahesabu vibaya, na mwenye ya kweli yenye namba hiyohiyo anaonekana mwongo. Hakuridhika. Tumeachana hapo na bado tunabishana kwenye foleni ya wali maharage.

Jambo la mwisho. Mwaka 2018 raia wa Marekani walianza tena kuuziwa M1911 zilizosalia kwenye ghala la Anniston, Alabama, chache chache kwa mwaka, kwa bahati nasibu ya nani atangulie. Hazikuwa tena dola 17. Zilianzia 850. Zimepangwa kwa madaraja ya hali yake, na nyingi ni zile za beseni la mafuta, slaidi ya huyu, fremu ya yule, mtutu wa mwaka mwingine, herufi za karakana pembeni. Wanunuzi wanazisoma kipuri kwa kipuri na kuandika kila walichokiona, na kile kichanganyiko kilichokuwa kinashusha bei sasa kinasomwa kama kitabu cha safari ya kila moja. Na mafundi bado wapo, na tupa zao, wanasubiri simu.

Wiki ijayo, panapo majaliwa na umeme, nitawaletea ile ya Luger ya .45 kwa urefu.